Picha ya Alama ya Saba

Duka la vifaa vya ujenzi, Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, si mahali pa kutafutia mchumba. Watu wanasukumana mbele ya kaunta, misumari inapimwa kwa kilo, na mwenye duka anajibu wateja watatu kwa mpigo bila kumtazama hata mmoja. Lakini mapenzi hayana adabu, hayabishi hodi. Siku hiyo mikono miwili ilishika pakiti moja ya chaki, ya mwisho iliyobaki rafuni.

Mkono mmoja ulikuwa laini, kucha zimekatwa vizuri. Wa pili ulikuwa na sugu kiganjani na kovu juu ya kidole gumba. Ule laini ulikuwa wa mwanamume.

"Samahani dada, nimetangulia kushika," alisema. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, kamera inaning'inia shingoni, na kwapani amebana kibao cheusi, mfano wa ubao wa darasani lakini kidogo.

Mwanamke alimpima kuanzia kiatu hadi kola. Yeye alikuwa ndani ya ovaroli ya buluu, kofia ngumu juu ya kitambaa cha njano, koleo la kukatia waya likichungulia mfukoni.

"Kaka, nina watu kumi na wanne wananisubiri niwachoree pa kufunga nondo. Wewe unafundisha chekechea?"

Wateja waliangua kicheko. Mwanamume naye akacheka, na hapo ndipo alipojipatia alama ya kwanza, maana mwanamume asiyejua kuchekwa hafai.

"Napiga picha za majengo. Kila picha inataka kibao, na kibao kinataka chaki."

"Basi majengo yatasubiri. Yana miguu?"

"Na nondo zako je, zinatoroka?"

Mwanamke alijikaza asicheke, akashindwa. Akaipasua pakiti katikati. "Shika nusu yako, usije ukatulilia hapa mbele za watu."

Akalipa waya wake wa kufungia, akaondoka. Mwanamume alibaki na chaki sita mkononi na swali moja kichwani: huyu nimpate wapi tena? Hakuhangaika sana. Saa tatu asubuhi aliingia kwenye kazi aliyopewa, ujenzi wa soko jipya la ghorofa tatu, na mtu wa kwanza aliyemwona amechuchumaa juu ya nondo, chaki mkononi, alikuwa ni yeye.

"Umenifuata mpaka huku?" mwanamke aliuliza.

"Nimeletwa na mkataba, dada yangu."

"Mikataba ya siku hizi nayo ina macho!"

Kazi ya mwanamume huyo ilikuwa hivi. Wenye soko walitaka kuona kila wiki jengo limefika wapi. Kwa hiyo alipaka alama kumi na mbili za rangi nyekundu kuzunguka eneo la ujenzi, na kila Ijumaa alisimama juu ya kila alama, kamera kimo kile kile, akapiga. Ndani ya kila picha kilikuwepo kibao kimeandikwa tarehe, namba ya alama, na hatua ya kazi. Mhandisi, mzee mkali mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimwambia siku ya kwanza: "Kijana, zege likishamwagwa, aliyeweka nondo na aliyeziiba wanafanana. Picha yako ndiyo itakayowatofautisha."

Vibarua hawakuchelewa kuwapa majina. Mwanamume akawa Kibao. Mwanamke, kiongozi wa wafunga nondo, tayari alikuwa Nondo, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi.

Wiki ya tano Kibao alipata namba ya simu. Wiki ya nane alikuwa akipiga kila jioni.

"Nondo wangu."

"Wako tangu lini? Nondo zinauzwa kwa tani, nenda dukani."

"Mimi nataka moja tu."

"Moja haishiki jengo, mpenzi."

Neno lilishatoka. Nondo akasema haraka kwamba baba yake anamwita, na baba wa watu alikuwa amelala kwenye kochi anakoroma.

Walipendana, sina haja ya kuwazungusha. Walikula chakula cha mchana juu ya rundo la mbao, Nondo akimfundisha Kibao kupima nafasi kati ya nondo na nondo, Kibao akimwonyesha jengo likirefuka picha kwa picha. Jambo moja tu Nondo alilikataa katakata: kupigwa picha.

"Hata moja?" Kibao alibembeleza.

"Hata nusu. Kazi niliyotoka, walinipiga nacheka. Picha ikabandikwa ofisini, nikaitwa mrembo wa mradi. Mwezi uliofuata kikosi changu kikapewa mwanamume. Waliniambia mimi nafaa zaidi mapokezi." Aliusokota waya wa mkononi mpaka ukakatika. "Baba alinifundisha kazi hii nikiwa na miaka kumi na sita. Nikimaliza soko hili kwa heshima, Mhandisi ameniahidi kikosi cha hospitali mpya. Sitaki meno yangu yaniharibie tena."

Kibao akaapa. Na kwa wiki kumi akashika kiapo.

Ijumaa ya wiki ya kumi na tisa ilikuwa siku ya boriti ya lango kuu, ile inayobeba ghorofa zote zilizo juu yake. Ilitakiwa kuwa na nondo nene nane: safu ya chini nne, na safu ya pili juu yake nne. Saa mbili asubuhi Kibao alisimama kwenye alama ya saba, akapiga. Safu ya chini ilikuwa tayari, ya pili bado. Akasema moyoni atarudi kabla ya zege.

Alirudi saa nne. Nondo alikuwa ndiyo kwanza amefunga fundo la mwisho. Jasho lilimtiririka, kitambaa cha njano kimekwenda upande, na furaha ya kazi iliyokwisha imemjaa usoni. Akamnyang'anya Kibao kibao chake, akakishika kifuani.

"Hebu nitazame. Tayari kumwagiwa zege!" Akacheka kicheko cha kutupa kichwa nyuma.

Kidole kilibonyeza chenyewe, ndivyo Kibao alivyojitetea baadaye.

Kicheko kikakatika. "Umepiga?"

"Kidole kimeteleza."

"Kifute hicho kidole chako na picha yake. Futa sasa hivi!"

"Nimefuta, mpenzi."

Hakufuta. Na kabla moyo haujamtulia, lori la zege likapiga honi langoni, watu wakaanza kukimbia huku na huko, na Kibao, akili yote ikiwa kwenye kile kicheko, akaondoka bila kupiga tena alama ya saba. Kesho yake, akiandaa ripoti, alikuta picha moja tu ya boriti, ya saa mbili. Akaiweka na kuandika chini yake: *Boriti ya lango kuu, tayari kumwagwa zege.* Hakuona ubaya wowote. Kwake nondo zilikuwa nondo, na siku ilikuwa ile ile.

Miezi mitatu ikapita kwa raha. Kisha wenye soko wakamtuma Mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mwembamba, suti ya kijivu, viatu vya kisigino kifupi visivyoogopa matope. Hakuwa mbaya; alikuwa mtu wa kuhesabu. Alifungua ripoti ya wiki ya kumi na tisa, akahesabu nondo za boriti kwa ncha ya kalamu, akapata nne. Akahesabu tena. Alileta mashine ya kutafuta chuma ndani ya zege, ikaonyesha safu ya chini tu, kwa sababu safu ya juu hujificha nyuma ya ile ya chini. Kutoboa boriti iliyobeba ghorofa mbili kulikuwa ni kuidhoofisha. Mhandisi aliapa kwamba alizihesabu zote nane kwa macho yake.

"Wewe unalipwa na mkandarasi, mzee wangu," Mkaguzi alijibu kwa upole. "Ungesema nini kingine? Picha inasema nne. Jumatatu saa nne tunakutana. Bila ushahidi mwingine, boriti inabomolewa na vyote vilivyo juu yake. Na aliyeongoza wafunga nondo aondoke, asiguse tena kazi yetu yoyote."

Hospitali mpya ilikuwa ya wenye soko hao hao.

Nondo aliyapokea maneno hayo amesimama. Alipotoka nje tu, alipiga simu.

"Ile picha ya boriti ulipiga saa ngapi?"

"Ipi, kipenzi?"

"Alama ya saba. Wiki ya kumi na tisa. Umeandika tayari kumwagwa zege, na ina nondo nne!"

"Saa... nadhani saa mbili."

"Unadhani! Mimi nabomolewa kwa sababu ya kudhani kwako? Saa nne si ulirudi? Nilikuona. Ulikuwa unapiga nini?"

Jibu lilikuwa neno moja: wewe. Lakini neno hilo lilikuwa na uongo wa miezi mitatu mgongoni. Kibao akakwama, na kimya chake Nondo alikisoma anavyokijua yeye.

"Basi. Nimeelewa. Wote mko sawa. Mmoja alinipiga nikicheka akanivunja, wewe umepiga kazi yangu nusu ukanizika."

"Nondo, nisikilize..."

Simu ikakatwa. Alipopiga tena, haikuita. Akapiga mara kumi na saba, kama vile simu ingemwonea huruma.

Jumapili mchana, dada yake Kibao, mshonaji anayekaa naye nyumba moja, alimkuta sebuleni mbele ya kompyuta, chai imepoa, ndevu hazijanyolewa, anatazama picha moja.

"Mdogo wangu, tangu asubuhi unaitazama hiyo. Itakupikia?"

"Ndiye huyo, dada."

"Namwona. Ana meno mazuri." Dada akainama karibu, kwa jicho la mtu aliyezoea kukagua mishono. "Na hivi vyuma nyuma ya bega lake, mbona vimepangwa juu na chini?"

Kibao alitoa macho. Miezi mitatu alikuwa akiitazama picha ile kila siku ya Mungu, na hakuwahi kuona kitu ndani yake isipokuwa kicheko. Akaivuta ikawa kubwa. Nyuma ya bega la kushoto la Nondo, ndani ya mbao zilizosubiri zege, nondo zilionekana wazi: nne chini, nne juu, tepu ya kupimia imelazwa juu yake. Na kifuani mwa Nondo, kwa mwandiko wa Kibao mwenyewe, kibao: tarehe ya Ijumaa ile, alama ya saba. Pembeni kamera ilikuwa imeandika saa nne na dakika tano.

"Mtumie huyo Mkaguzi sasa hivi!" dada alipiga kelele.

Kidole cha Kibao kilishafika kwenye kitufe. Kikasimama.

"Alisema isibaki. Nilimwambia nimefuta."

"Picha inamwokoa, wewe unaleta maadili?"

"Nikiituma bila kumwuliza, nitakuwa nimemfanyia kile kile walichomfanyia wale."

Dada alimtazama, akaenda kumletea shati safi. "Basi nyoa kwanza. Huwezi kuomba msamaha na sura hiyo."

Mlango ulifunguliwa na baba yake Nondo, fundi mstaafu, mabega bado mapana, vidole havinyooki tena vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyehesabu nondo za binti yangu ukaishia nne?"

"Ndiye mimi, baba. Nimekuja kumalizia hesabu."

Mzee alilipenda jibu hilo, ingawa hakuonyesha. Akaita ndani. Nondo alitoka amevaa gauni la nyumbani la maua, macho yamevimba, na Kibao aliumia kuona amelia. Hakujaribu kumshika mkono. Alimpa bahasha.

"Nilikudanganya. Sikufuta. Ndiyo niliyokuwa napiga saa nne, na ndiyo maana nilisahau kazi. Nakala nyingine iko hapa kwenye kadi ya kamera, chukua na kadi yenyewe. Tazama nyuma ya bega lako. Ukitaka kuichana, ichane, sitasema neno. Kesho nitakuja kusema kosa ni langu hata kama sina picha. Sura ni yako, mpenzi. Mwenye kuamua ni wewe."

Nondo aliifungua bahasha akiwa na hasira, akatazama kwa hasira, kisha midomo yake ikaanza kusogea. Moja, mbili, tatu.

"Nane," alinong'ona.

"Nipe nione," alisema baba yake, akavaa miwani. Alitazama kwa muda mrefu. "Mafundo yako mazuri. Hili la pembeni ningelikaza zaidi."

"Baba!"

"Nasema tu."

Nondo alimgeukia Kibao. "Nimekukasirikia mara mbili sasa. Kwa picha uliyopiga na kwa picha uliyoficha. Nenda nyumbani. Kesho tutaonana."

Jumatatu saa nne, ofisi ya mabati ya eneo la ujenzi ilijaa. Nje, wafunga nondo kumi na wanne walibana nyuso zao dirishani. Nondo aliingia amevaa ovaroli ile ile ya buluu, lakini imefuliwa, imenyooshwa, mikunjo ya pasi inaweza kukata mkate. Kitambaa cha njano kilikuwa kipya.

Mkaguzi alifungua faili. "Kuna ushahidi mwingine?"

Kibao alisimama kabla hajaitwa. "Kosa ni langu. Picha ile ni ya saa mbili, kazi haijaisha. Niliandika 'tayari' bila kurudi kuhakikisha. Kama kuna wa kufukuzwa, ni mimi."

"Hayo ni maneno, kijana. Mimi nahitaji nondo."

Kibao hakumtazama Nondo. Aliogopa macho yake yangemwomba. Nondo alitia mkono mfukoni, akatoa picha, akaiweka mezani yeye mwenyewe, uso wake ukiwa juu, kicheko chote nje.

"Mimi huyo. Msitazame meno, tazameni nyuma ya bega."

Mkaguzi alitoa kioo cha kukuzia. Akasoma kibao: tarehe, alama. Akasoma saa pembeni mwa picha. Kisha ncha ya kalamu ikaanza safari yake, na nje dirishani watu kumi na wanne wakaanza kuhesabu naye kwa sauti, kwanza chini chini, kisha bila aibu.

"Tano! Sita! Saba!"

"Nane," alisema Mkaguzi, akaweka kalamu. Kelele zilizopigwa nje zilitikisa mabati. Mhandisi alivua miwani yake ya uzi akajifanya anaifuta. Mkaguzi alisubiri watulie.

"Boriti inabaki. Kikosi kinabaki. Na huyu dada, tukianza hospitali, nataka afunge nondo za msingi mwenyewe." Akaitazama picha tena. "Alikuwa anacheka nini?"

"Kazi ilikuwa imekwisha," alijibu Nondo. "Na ilikuwa imekwisha vizuri."

Kwa mara ya kwanza tangu aje, Mkaguzi akatabasamu. Kisha akamgeukia Kibao, tabasamu likafungwa. "Wewe utarudia maelezo ya picha zote tangu wiki ya kwanza. Moja moja. Na utamtafuta mtu anayejua nondo akusaidie."

Unajua alimpata nani. Kila mchana, kwa wiki nzima na zaidi, walikaa juu ya lile rundo la mbao, yeye anataja, Kibao anaandika.

"Hizi umeandika ni nguzo. Hizi ni ngazi, baba wee!"

"Zinafanana."

"Zinafanana kwa mtu aliyetazama kitambaa cha njano." Akamchapa begani kwa kalamu. "Umesamehewa ile uliyopiga. Ile uliyoficha bado."

"Mpaka lini, laazizi?"

"Mpaka wiki ya arobaini. Tuone kama utadanganya tena."

Hakudanganya. Na wiki ya arobaini ikafika, Ijumaa yenye jua, soko limepakwa rangi, milango imefunguliwa, wauzaji wanaingiza meza zao wakigombania pembe nzuri. Nondo alikuja amevaa gauni la zambarau na viatu vya wazi, nywele zimesukwa, na vibarua waliompita bila kumtambua walirudi nyuma kuomba radhi. Barua ya kazi ya hospitali ilikuwa mkobani mwake, imekunjwa mara nne.

Kibao alimkuta chini ya boriti. Alikuwa amepiga alama kumi na moja.

"Imebaki ya saba," alisema. "Safari hii naomba ruhusa. Utasimama?"

"Lete kibao."

Akampa. Nondo akasoma: tarehe ya leo, alama ya saba. Mbele ya neno *hatua* palikuwa patupu.

"Hujajaza hapa."

"Sijajaza. Nilishaandika 'tayari' mara moja bila kuhakikisha, nikakaribia kukupoteza." Alitoa mfukoni kipande cha chaki, kifupi kuliko kidole, cha mwisho kati ya zile sita za dukani. Akamnyooshea kwa ule mkono wake laini. "Nataka kukuoa, Nondo wangu. Tumefika hatua gani, andika wewe."

Mwuza ndoo aliyekuwa anapita alisimama. Na wa nyuma yake akasimama. Nondo alitazama juu, kwenye ile boriti, ndani ya zege ambamo hakuna jicho litakaloona tena kazi yake, na ambamo zilikuwepo zote nane. Machozi yalimjia, hakuyazuia. Akaishika chaki, akaandika taratibu kwa herufi kubwa, akakigeuza kibao ili watu wote wasome.

*MSINGI UMEKUBALI. JENGA.*

Kisha akakishika kifuani, akatupa kichwa nyuma, akacheka.

"Piga sasa," alisema. "Na hii ukiifuta, utanitambua."